Kinyago cha Uso na Kinyago cha Ulimi: Bert Williams katika Michezo ya New York

Wanaochunguza desturi za watu huandika sana juu ya arusi zao, mazishi yao na kazi zao, lakini mara chache huuliza wanacheka nini, na wanamcheka nani. Walakini kicheko ni shahidi mkubwa. Huonyesha ni nani anayehesabiwa katika nchi kuwa mtu kamili, na ni nani anayehesabiwa kuwa kitu cha kuchezewa tu. Tena kicheko hupita kwa njia ya lugha, na kwa hiyo sisi tunaofundisha lugha hatuwezi kusema kwamba habari hiyo haituhusu.

Katika makala haya nataka kuupima mchezo wa mtu mmoja, Bert Williams, mchekeshaji mweusi aliyepata sifa kuu katika mji wa New York tangu mwaka 1896 hata kufa kwake mwaka 1922. Mtu huyu alipita katika kila namna ya burudani iliyokuwamo mjini mle: michezo ya vipande, michezo mirefu ya kuimba, sahani za santuri, na sinema ya kimya. Hoja yangu ni hii. Watu wa zamani zake walimvika vinyago viwili, kimoja cha uso na kimoja cha ulimi, na hiki cha ulimi kilikuwa kizito zaidi. Sinema ya kimya ilipomvua kile cha ulimi, mtu mwenyewe alionekana.

Kwanza yafaa kueleza jinsi burudani za mji ule zilivyokuwa. Mchezo uliopendwa kupita yote uliitwa vodevili. Haukuwa hadithi moja yenye mwanzo na mwisho, bali vipande vinane au tisa vilivyofuatana, kila kimoja dakika kumi mpaka ishirini: mwimbaji, mchezaji sarakasi, mfuga mbwa, mwenye mazingaombwe, wawili wa kujibizana kwa mzaha, na kadhalika. Michezo ya namna hiyo zamani ilikuwa ya walevi katika vilabu. Mwaka 1881 Tony Pastor alifungua nyumba katika mtaa wa 14, akakataza maneno machafu, akawaalika wanawake na watoto. Wengine walimfuata, na mkubwa wao alikuwa B. F. Keith, ambaye yeye na wenzake walieneza nyumba zao katika miji mingi. Nyumba iliyotukuzwa kuliko zote, Palace, ilifunguliwa katika njia ya Broadway mwezi wa Machi 1913, na mchezaji aliyepata kusimama katika jukwaa lake alijihesabu kuwa amefika kileleni.

Sinema nayo iliingia mjini kwa mlango wa vodevili. Usiku wa tarehe 23 Aprili 1896, katika nyumba ya muziki ya Koster na Bial, picha zenye kwenda za mtambo wa Edison zilionyeshwa kama kipande kimoja miongoni mwa vipande vingine. Baada ya miaka kumi hivi vikatokea vyumba vidogo vya sinema vyenye kiingilio cha senti tano tu, na wahamiaji maskini wasiojua Kiingereza waliweza kufurahi humo, maana picha haikuwadai lugha. Halafu yakajengwa majumba makubwa: Strand mwaka 1914, lenye viti karibu 3,000, na Roxy mwaka 1927, lenye viti karibu 6,000. Wala tusidhani kwamba sinema ya kimya ilitazamwa kimya. Katika vyumba vidogo palikuwa na mpiga piano, na katika majumba makubwa palikuwa na okestra nzima. Kilichokosekana si sauti. Kilichokosekana ni maneno ya wale walioonekana katika picha, na katika habari yetu jambo hili ni kubwa.

Sasa tuje kwa vinyago. Tangu miaka ya 1830 wachezaji weupe wa Marekani walikuwa wakijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, na kujichorea midomo mipana, ili waigize watu weusi waliokuwa watumwa. Mwaka 1843 kundi la kwanza la kutoa mchezo mzima wa namna hiyo lilitokea hapo New York. Masizi hayo yanajulikana sana. Yasiyotazamwa sana ni maneno yaliyotoka katika ile midomo iliyochorwa. Waandishi wa michezo hiyo walitunga usemi wa uongo: wakavunja sarufi makusudi, wakapotosha matamshi, wakampa mtu mweusi maneno makubwa ya kitabu ili ayatumie pasipo pake na kuchekwa. Kweli watu weusi wa Marekani walikuwa na usemi wao wenye kanuni zake, kama zilivyo lahaja zote duniani. Lakini usemi wa jukwaani haukuwa huo. Ulikuwa usemi uliotungwa ili kuthibitisha kwamba anayeusema hana akili.

Hapa mtu aweza kusema, "Je, huu si utani tu? Mbona hata kwetu watu hutaniana?" Ni swali zuri, na jibu lake limo katika desturi yetu wenyewe. Utani wa kabila na kabila una sheria. Mtani hukutania, nawe humrudishia. Leo akuita mchoyo, kesho wamwita mlafi, na hakuna anayekasirika. Tena mtani ana wajibu: msiba ukikupata huja kukusaidia kuzika, na kwa mizaha yake hukupunguzia majonzi. Basi utani ni deni linalolipwa pande zote mbili. Mchezo wa masizi haukuwa hivyo. Mweupe alimwiga mweusi mbele ya weupe wenzake, na mweusi hakuwa na jukwaa la kumrudishia. Na msiba ulipomfika, yule aliyemcheka usiku hakuonekana mchana kumzika. Kicheko kisichorudishwa si utani, bali ni dharau iliyotiwa muziki.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia Bert Williams. Alizaliwa Nassau, katika visiwa vya Bahamas, mwaka 1874, na jamaa zake wakahamia Marekani akiwa mtoto. Katika mji wa San Francisco alikutana na George Walker, mwaka 1893, wakawa wenzi wa mchezo. Wakati huo weupe waliojipaka masizi walikuwa wakijisifu kwamba wanajua kuwaiga watu weusi. Basi vijana hawa wawili wakajitangaza kuwa wao ndio weusi wa kweli, wakitumia lile jina la matusi waliloitwa na weupe. Mwaka 1896 wakafika New York, wakacheza katika nyumba ile ile ya Koster na Bial ambamo picha zenye kwenda zilikuwa zimeonyeshwa mwaka huo huo. Walker alikuwa mtanashati mwenye maringo. Williams, aliyekuwa mrefu na mwenye rangi isiyokuwa nyeusi sana, alijipaka masizi, akawa yule mzito asiye na bahati.

Sasa angalia jambo la ajabu. Williams mwenyewe alieleza katika makala aliyoandika mwaka 1918 kwamba usemi ule wa jukwaani haukuwa wake hata kidogo. Ulikuwa mgeni kwake, ikampasa kujifunza kama mtu ajifunzavyo lugha ya kigeni. Mtu wa Bahamas aliyesema Kiingereza safi, mpenda vitabu, alilazimika kwenda shule ya kusema vibaya! Weupe waliomsikiliza walidhani wanasikia maneno ya asili ya mtu mweusi, kumbe wanasikia kazi ya mwanafunzi mwenye bidii. Masizi aliyanawa kila usiku kwa maji na sabuni. Ule usemi haukunawika hivyo, maana watu walimtazamia asiseme vinginevyo.

Haikosi tuseme wazi kwamba wenzi hawa walifanya makuu. Tarehe 18 Februari 1903 walifungua mchezo wao In Dahomey katika nyumba ya New York Theatre, na huo ulikuwa mchezo mrefu wa kwanza ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi watupu katika nyumba kubwa ya Broadway. Muziki uliandikwa na Will Marion Cook, na miongoni mwa watunzi wa maneno alikuwamo mshairi Paul Laurence Dunbar. Mwaka huo huo ukavuka bahari kwenda London, ukachezwa hata katika jumba la mfalme, Buckingham. Lakini hapo New York watazamaji weusi waliokuja kuwashangilia watu wao waliketishwa juu kabisa, katika roshani. Walioimba chini walikuwa weusi, waliolipia viti vya chini walikuwa weupe.

Tena tusisahau mwezi wa Agosti 1900. Katika fujo za mwezi ule, weupe wengi waliwawinda na kuwapiga watu weusi katika mitaa ya magharibi ya New York, na miongoni mwa kelele za kundi lile yalisikika majina ya Williams na Walker, kwamba watafutwe. Walker alishambuliwa. Hebu tulipime neno hili: kundi halikuyajua majina ya wanasheria weusi wala ya walimu weusi, lilijua majina ya wachekeshaji. Ndiyo niliyoyasema juu ya utani. Mtu aliyewachekesha alikuwa wa kwanza kukumbukwa siku ya kupigwa.

Walker aliugua mwaka 1909, akafa mwaka 1911. Williams akabaki peke yake, na mwaka 1910 Ziegfeld akamwingiza katika mchezo wake wa kila mwaka ulioitwa Follies, wenye wachezaji weupe. Baadhi yao walikataa kucheza pamoja naye, lakini mwenye mchezo hakuwasikiliza, na Williams alidumu humo karibu miaka kumi. Wimbo wake uliojulikana kuliko zote ni Nobody, wa mwaka 1905, alioutia katika santuri mwaka 1906. Santuri hiyo yasikika hata leo, na mwenye sikio atatambua ufundi wake. Haimbi sana, husema kwa kuvuta. Huchelewa makusudi nyuma ya muziki, kama mtu aliyechoka anayeburura mguu, na neno la mwisho hulitoa kana kwamba amelikuta njiani. Ufundi huo ni mkubwa. Lakini bado amevaa usemi wa kuazima, na msikilizaji hujiuliza daima, "Huyu ni nani nyuma ya maneno haya?"

Jibu lapatikana mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1913 kampuni ya Biograph, pamoja na wenye nyumba za michezo Klaw na Erlanger, walipiga picha huko New York na New Jersey kwa ajili ya sinema ndefu yenye wachezaji weusi wengi, na Williams akiwa mkuu wao. Haikumalizwa wala haikuonyeshwa. Kanda zake saba zililala katika ghala, na mwishoni mwa miaka ya 1930 jumba la makumbusho ya sanaa mpya la New York likazipokea pamoja na mali nyingine za Biograph. Ilikuwa mwaka 2014, baada ya miaka mia na zaidi, zilipopangwa na kuonyeshwa kwa watu, nayo sinema ikaitwa Lime Kiln Club Field Day. Hadithi yake ni nyepesi: wanaume watatu wa chama kimoja wanamgombea msichana mmoja mzuri, ambaye mchezaji wake ni Odessa Warren Grey, na siku ya sikukuu ya chama itaonyesha nani atakayempata.

Sinema za kimya zilizomalizika zilikuwa na maandishi kati ya picha na picha, na humo mwandishi aliweza kuurudisha ule usemi wa uongo, akavunja tahajia kama wengine walivyovunja matamshi. Hii haikufikia hatua hiyo. Hakuna aliyepata nafasi ya kuwaandikia watu hawa maneno. Midomo yao yasema, lakini hatusikii, wala hapana mtu wa kututafsiria kwa dhihaka. Basi yabaki macho, mabega, mikono na mwendo. Twaona maandamano ya chama, watu wamevaa vizuri, wamejaa fahari. Twaona wapenzi wawili juu ya farasi wa mti wanaozunguka kwa mtambo. Williams ameketi, furaha imemjaa hata haitaki kutoka nje yote, akaiachilia kidogo kidogo kwa kona ya mdomo. Twaona ile ngoma ya maringo ya wawili-wawili, ambayo zamani washindi wake walipewa keki. Kila mmoja aonyesha madaha yake, wala hakuna anayeonyeshwa kuwa mjinga kwa sababu ya kucheza.

Mwishoni amsindikiza msichana mpaka kwao, na wambusiana. Katika zama zile watu weusi walikuwa wakionyeshwa mapenzi yao kama kichekesho. Hapa hakuna kichekesho. Mwanamume ana haya, mwanamke ana furaha, na mtazamaji ajiona kama mtu aliyepita njiani akawakuta, imempasa kugeuza uso kwa adabu. Nathubutu kusema kwamba busu lile ni kazi nzuri kuliko nyimbo zote alizoimba Williams.

Walakini mpimaji wa haki hawezi kuficha ila. Katika kundi lote lile, Williams peke yake ndiye aliyepakwa masizi. Wenzake wana nyuso zao. Yaonekana kwamba kinyago chake kilikuwa kodi iliyolipwa kwa ajili ya wote: mkubwa alivaa desturi ya kale ili wadogo wapate kupita bila kuvaa. Lakini kodi ni kodi. Kila picha inapomkaribia, masizi yanatuzuia kuona alama nyingi ndogo za uso ambazo wenzake wanatupa bure. Mchezo wake wa mikono na mabega ni mpana zaidi kuliko wa wenzake, na hilo si kwa sababu ya ufundi tu, bali pia kwa sababu uso wake umefungwa, hana budi kusema kwa viungo vingine. Kadhalika mwendo wa yule mtu mzito, mvivu kidogo, ni urithi wa michezo ya weupe, wala haukumtoka.

Uwezo wake huo wa viungo waonekana tena katika A Natural Born Gambler, sinema fupi ya mwaka 1916. Mwishoni mtu huyu yumo gerezani peke yake, acheza karata bila karata na bila wenzi. Agawa, achungulia, ashuku, ashangilia, apoteza, vyote kwa vidole na macho. Mchezo huu alikuwa amekwisha uonyesha jukwaani, na watu waliupenda sana. Wamecheka, nami nacheka. Lakini ni picha ya nani hii, kama si ya mtu aliyewekwa peke yake, akacheza sehemu zote mwenyewe, kwa kuwa hakupewa wa kucheza naye?

Ili kupima thamani ya ile kazi ya 1913, yafaa kuilinganisha na sinema iliyofunguliwa New York mwezi wa Machi 1915, The Birth of a Nation. Hiyo ilikuwa na fedha nyingi, okestra kubwa, na ufundi wa picha uliosifiwa kila mahali. Humo watu weusi wakuu walichezwa na weupe waliopakwa masizi, wakaonyeshwa kuwa wabaya na hatari, na chama cha kutetea haki za watu weusi kikaipinga. Sinema ya dharau ilijaza nyumba, na sinema ya adabu ililala katika ghala. Basi tusiseme kwamba watu wa zama zile hawakuwa na njia nyingine. Njia nyingine ilikuwa imekwisha pigwa picha, miaka miwili kabla.

Wako wanaosema kwamba Williams angekataa masizi, na kwamba kwa kukubali aliwauza watu wake. Neno hilo si la kudharauliwa, kwa maana kila aliyecheka alirudi nyumbani na uongo wake umethibitishwa. Lakini mimi siwezi kumhukumu hivyo. Mlango ulikuwa mmoja, na bawabu wake alidai masizi. Lawama kubwa imwangukie bawabu, nao waliolipa kiingilio. Haki tunayoweza kumtendea sasa ni kutazama vizuri, tutofautishe kilichokuwa chake na alichovishwa.

Williams alikufa tarehe 4 Machi 1922, akiwa na miaka 47. Nguvu zilikuwa zimemwishia katikati ya mchezo. Baada ya miaka mitano, tarehe 6 Oktoba 1927, ikafunguliwa New York The Jazz Singer, sinema iliyowafanya watu wote watake picha zenye kusema. Na aliyeimba ndani yake, Al Jolson, alikuwa mweupe, na katika mchezo ule alijipaka masizi. Sinema ilipopata ulimi, kinyago kilikuwapo tayari kinaungoja. Mwaka 1932 Palace yenyewe ikaacha vodevili ikawa nyumba ya sinema, na zama zile zikaisha. Masizi yalidumu kuliko nyumba zilizoyalea.

Faida ya habari hii kwa walimu ni nini? Shule zetu zina michezo ya kuigiza, na hakuna anayewapaka watoto masizi. Lakini kinyago cha ulimi tunacho. Ni mara ngapi katika sikukuu ya shule mtumishi, au mchuuzi, au mtu wa bara, au Mhindi mwenye duka, huingizwa jukwaani kwa kusudi moja tu, atamke Kiswahili vibaya watu wacheke? Herufi moja kupotoshwa yatosha, watoto wakaanguka kwa kucheka, na katika safu ya nyuma ameketi mtoto ambaye baba yake husema hivyo hivyo. Mtoto huyo hucheka pamoja nao, maana hana la kufanya. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sisemi tuache mizaha; mchezo usio na kicheko huwachosha watoto na wazazi. Nasema mwalimu aupime mchezo kabla ya kuufundisha, kwa maswali mawili. Anayechekwa, je, ana nafasi ya kurudisha, kama mtani? Na ukimwondolea lile tamshi baya, je, humo ndani pamebaki mtu, mwenye haja yake na haya yake na akili yake, au hapana kitu? Wachezaji wafanye zoezi siku moja bila maneno kabisa, kwa viungo tu. Asiyebaki na kitu cha kuonyesha hajapewa mtu wa kuigiza. Amepewa kinyago tu, na mwandishi wa mchezo arudi kwenye kalamu yake.